Udongo si Uchafu

Katikati ya jiji la Dar es Salaam iko kata iitwayo Mchafukoge. Ukiligawa jina hilo mara mbili, utasikia kama mtu aamuruye, "Mchafu, koge!" Watoto wakaao huko hulitamka jina la kwao kila siku bila kulifikiri, lakini amri iliyomo huisikia sana nyumbani. Mtoto arudipo kutoka michezoni na udongo magotini, mama yake humwambia, "Nenda ukaoge, umejaa uchafu!" Mama asema kweli, kwa kuwa usafi wa mwili ni ngao ya afya, na mtoto sharti atii. Hata hivyo liko jambo moja ambalo yampasa mtoto huyo kulijua kabla hajawa mtu mzima, nalo ni hili: udongo wenyewe si uchafu. Udongo ni mali, tena ni mali ya kwanza. Maana unga wa ugali, pamba ya nguo, mbao za kitanda, na hata karatasi ya kitabu, vyote asili yake ni udongo.

Mtoto wa shamba hana haja ya kuambiwa hayo mara nyingi. Amemwona baba yake akiinama, akitwaa udongo kiganjani, akiufikicha kwa vidole, kisha akisema, "Hapa patafaa mahindi, pale tupande muhogo." Amemsikia babu yake akikataza mti fulani usikatwe, kwa sababu chini yake iko chemchemi. Lakini mtoto wa Mchafukoge huishi juu ya saruji na lami. Nyumba ni za ghorofa, njia zimefunikwa, maji hutoka bombani na unga hutoka dukani. Aweza kufika darasa la saba asijapata kupanda mti hata mmoja. Ukimwuliza, "Muhogo watoka wapi?" atakujibu upesi, "Watoka Kariakoo." Wala hakusema uongo, amesema lile aliloliona.

Basi mwalimu wa mtoto kama huyo afanyeje? Kitabuni yameandikwa mambo mengi juu ya udongo na misitu, na picha zimo. Mwanafunzi huyasoma, huyakariri, hujibu mtihani, kisha humtoka kama ndoto. Lakini kitu alichokishika kwa mkono wake, akakinusa na kukipima, hakimtoki upesi. Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara halifundishi somo hili chumbani tu. Huwatoa wanafunzi wake nje, kila mmoja ana daftari, kalamu, uzi na kopo. Na huko mjini, ambako mtu angedhani hapana udongo wala msitu, huwaonyesha vyote viwili.

Safari ya kwanza si ndefu. Wakitoka Mchafukoge huvuka uwanja wa Mnazi Mmoja, nao ng'ambo huikuta Kariakoo. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918, maana wapagazi hao walipiga kambi mahali hapo. Mpaka leo ni mahali pa mizigo. Magunia na matenga huja kutoka pande zote za nchi, na kila mzigo huja na alama ya kwao. Mnunuzi huangalia bei. Mwanafunzi wa udongo huiangalia alama hiyo, yaani udongo ulioshikamana na mizizi.

"Shikamoo, mama," watoto humwamkia muuza viazi.

"Marahaba, wanangu. Mwataka kiasi gani?"

"Hatununui leo, mama. Tumekuja kuutazama udongo ulio juu ya viazi vyako."

Mwenye viazi hucheka, kwa kuwa tangu aanze biashara hajapata wateja wa namna hiyo. Lakini akiona ya kuwa watoto wana adabu, huwaambia viazi vyake vimetoka Njombe au Mbeya, na jirani yake aliye na karoti huwaambia zimetoka Lushoto. Basi watoto hulinganisha. Udongo wa milima ya Usambara, kama ule wa Uluguru, ni mwekundu. Udongo wa upande wa Rungwe ni mweusi mweusi, mwepesi, laini. Muhogo wa pwani, uliong'olewa Mkuranga au Kisarawe, hauna udongo mwingi juu yake, ila chembe za mchanga ambazo hupukutika mtu akiugonga.

"Kwa nini ule mwekundu ni mwekundu?" huuliza mmoja.

Mwalimu huwajibu kwa kuwauliza swali jingine: msumari ukiachwa mvuani hugeuka rangi gani? Wote wajua ya kuwa hushika kutu. Ndivyo ilivyo kwa udongo mwekundu: ndani yake mna chuma, nacho kimeshika kutu kwa muda wa miaka mingi mno. Ule mweusi wa Rungwe umetokana na majivu ya milima iliyotema moto zamani, yakachanganyika na majani yaliyooza. Na ule wa pwani una mchanga mwingi, ambao maji hupita ndani yake upesi, yakichukua chakula cha mimea kwenda chini. Hivyo mtoto ambaye hajapata kutoka Dar es Salaam huweza kusafiri Tanzania nzima katika saa moja, akisoma udongo kama mtu asomavyo anwani juu ya barua.

Kisha mwalimu huwaonyesha magunia mengine, yasiyo na udongo wala majani. Ni magunia ya mkaa. "Huu nao ni msitu," huwaambia. "Tofauti ni kwamba msitu huu umeletwa mjini ukiwa umekufa." Nyumba nyingi za jiji hupikia mkaa, na mkaa huo hutoka katika miti ya mkoa wa Pwani na hata mikoa ya mbali zaidi. Mti uliotumia miaka 40 kukua huweza kukatwa kwa siku moja, ukachomwa katika tanuri kwa siku chache, ukaisha jikoni kabla ya mwezi kuandama tena. Mwalimu hawalaumu mama zao wanaopika, wala wauzaji wanaotafuta riziki. Ataka tu watoto wajue kwamba moto wa jiko una shina mahali fulani, na kwamba palipokatwa shina hilo udongo umebaki uchi.

Siku ya pili kazi hufanyika shuleni, chini ya mti wa uani. Kila mtoto huleta udongo kidogo kutoka mahali anapoweza kuupata: mmoja kutoka kando ya mtaro, mwingine kutoka katika chungu cha maua, mwingine kutoka pwani. Hutia udongo katika chupa mpaka thuluthi yake, hujaza maji, hufunga kizibo, hutikisa kwa nguvu, kisha huiweka chupa chini bila kuigusa tena. Mchanga huanguka kwanza, kwa dakika moja tu. Juu ya mchanga hulala tope laini, baada ya saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kupita zote, huelea ndani ya maji mpaka kesho yake au zaidi. Na juu kabisa huogelea vipande vya majani na vijiti vilivyooza. Watoto hupima kila tabaka kwa rula na kuandika. Udongo wa mchanga mtupu hauwezi kushika maji. Wa mfinyanzi mtupu huyashika mno hata mizizi ikakosa hewa. Lakini ule wenye vyote kwa kiasi, pamoja na majani yaliyooza, ndio mkulima auitao udongo mzuri.

Majani yaliyooza ndiyo siri kubwa. Mwalimu akichimba kidogo chini ya mti, watoto huona nyungunyungu, mchwa, vijidudu vyekundu na nyuzi nyeupe za kuvu. Hao ni wale waonekanao kwa macho. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 5,300,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Lakini katika kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba wamo bakteria wengi kuliko watu hao wote. Wao ndio wapishi wa mimea: hulivunja jani lililokufa mpaka likawa chakula cha jani lijalo. Kazi yao haiendi mbio. Mwamba kuvunjika na majani kuoza hata ikapatikana sentimita moja ya udongo, mara nyingi huchukua miaka 100 au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki hujazwa na vizazi, nacho chaweza kumwagwa na mvua moja.

Je, mvua yawezaje? Siku ya tatu watoto hujionea. Mwalimu hutengeneza visanduku viwili vya mbao, huvijaza udongo wa namna moja, na kuviinamisha kidogo kama mteremko wa kilima. Kimoja hukiacha kitupu. Cha pili hukifunika kwa nyasi na majani makavu. Kisha mtoto mmoja huchukua kopo lililotobolewa matundu madogo chini, hunyunyizia maji sawasawa juu ya vyote viwili, na wenzake hukinga maji yanayotoka. Maji ya kisanduku kitupu hutoka upesi, mengi, yenye rangi ya udongo. Yale ya kisanduku kilichofunikwa hutoka polepole, machache, tena karibu safi. Hapo hapana haja ya hotuba. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu hupiga kama nyundo. Likianguka juu ya jani huvunjika, likateleza, likanywewa.

Siku nyingine hurudi Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi zamani za ukoloni baina ya mitaa ya biashara na mitaa ya Waafrika. Huko huweka viganja juu ya lami iliyopigwa na jua, kisha juu ya ardhi iliyo kivulini, na hawahitaji kipimajoto kuijua tofauti. Hupima unene wa shina kwa uzi. Urefu hupimwa kwa hesabu. Mtoto husimamisha kijiti cha mita 1, akaona kivuli chake ni sentimita 50. Kivuli cha mti ni mita 6. Basi mti huo una mita 12. Kwa njia hiyo hiyo hupima miti ya Bustani ya Mimea, iliyo upande wa mashariki wa jiji. Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, wapate kuijaribu miti na mimea iliyotoka nchi mbalimbali.

Baada ya hayo hubaki fundisho lililo kubwa kuliko yote, nalo ni la mnyororo. Zamani za utawala wa Waingereza alikuwako mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mtu huyu hakukaa chumbani na chupa zake tu. Alisafiri katika nchi akichimba mashimo na kutazama. Akaona ya kuwa katika nchi ya vilima, udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni huwa mbalimbali, lakini hufuatana kwa taratibu ile ile, kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliupa mfuatano huo jina la Kilatini, *catena*, maana yake mnyororo. Na mpaka leo wanafunzi wa udongo ulimwenguni kote hulitumia neno hilo lililotokana na vilima vya Afrika Mashariki.

Wasukuma nao walikuwa na maarifa yao wenyewe. Udongo wa mchanga ulio juu waliuita *luseni*. Ule mgumu wa chini ya mteremko waliuita *itogolo*. Na ule mweusi wa bondeni, ufanyao nyufa wakati wa kiangazi, ni *mbuga*. Kwa kila jina walijua kitakachoota. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba elimu ya udongo ililetwa yote kwa meli. Babu zake waliisoma ardhi kwa jembe na kwa miguu.

Sababu ya mnyororo huo ni maji. Mvua huchukua chembe nyembamba kutoka juu na kuziweka chini. Hivyo kilima hutoa, na bonde hupokea. Kilima kikiwa na miti, hutoa kidogo kidogo, na bonde hustawi. Kilima kikiwa uchi, hutoa kwa pupa, na bonde huzama.

Mnyororo kama huo upo Dar es Salaam. Pete yake ya juu ni vilima vya Pugu, vilivyo umbali wa kilometa 20 na kitu kutoka mjini, na treni iondokayo jijini hupita huko. Katika vilima hivyo umo msitu wa Pugu, na karibu nao msitu wa Kazimzumbwi, yenye mimea ambayo mingine haionekani popote duniani ila katika misitu ya pwani hii. Huko pia pana udongo mweupe wa mfinyanzi, uitwao kaolini. Maji ya upande huo hukusanyika yakawa mto Msimbazi. Mto huteremka, hupita katikati ya makao ya watu, hufika Jangwani, bonde lililo baina ya Kariakoo na Magomeni, kisha huingia baharini penye mikoko, karibu na daraja la Selander.

Mwanafunzi akisimama kando ya bonde la Jangwani siku ya jua, huona majani, matope na takataka, asifikiri neno. Lakini Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, na watu wapatao 40 wakafa katika jiji. Maelfu walipoteza nyumba, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo bonde limefurika tena mara kadhaa, likaifunga barabara ya Morogoro. Haikuwa sababu moja tu. Watu walikuwa wamejenga mahali pa mto. Paa na lami zimeongezeka, nazo hazinywi maji. Takataka huziba mifereji. Na juu, palipokuwa na miti pakawa na mashina, mashamba na mashimo ya mchanga. Udongo uliotoka huko ukaja kuujaza mto, hata maji yasiwe na nafasi yake. Kile kisanduku kitupu walichokimwagia maji wanafunzi ndicho hiki. Ila hapa kina watu ndani yake.

Ndiyo maana yampasa mtoto wa Mchafukoge kuyajua mambo ya udongo, ingawa hana shamba hata la hatua tatu. Gunia la mkaa lipitalo mlangoni kwake limefungwa na mto ufurikao bondeni. Mfuko autupao mtaroni nao una safari yake. Yeye mwenyewe ni pete katika mnyororo.

Wala asiseme, "Mimi ni mdogo, nitafanya nini?" Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana Dar es Salaam, nyumbani kwa Jane Goodall, yule bibi aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 na kufariki dunia mwaka 2025. Walimweleza mambo waliyoyaona yakiharibika katika nchi yao, na pamoja naye wakaanzisha chama kiitwacho Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Chama hicho kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Lakini kiliota hapa, katika jiji hili, kwa watoto 12.

Kazi yenyewe ni ya subira. Watu wengi hupanda mti siku ya sherehe, wakapigwa picha, wakaenda zao. Na mti ukafa kabla ya kiangazi kwisha. Mwanafunzi aliyefundishwa vema hupanda mwanzo wa masika, ili mizizi ishuke kabla jua halijawa kali. Hulichana kiriba kabla ya kuutia mche shimoni, kwa kuwa mizizi iliyofungwa hujizunguka na kujinyonga. Huufunika udongo kwa majani makavu, kama kile kisanduku cha pili. Kisha huja kila siku na kopo lake la maji, hata sikukuu, mpaka mti uweze kujitafutia. Uani mwa shule panatosha. Debe moja barazani latosha mchicha. Mtoto asiye na nafasi yoyote aweza kukusanya maganda ya ndizi na majani ya mboga ya nyumbani kwao, akayaozesha yawe mbolea ya mti wa shule. Na hapo ataona kwa macho yake jinsi kitu kilichoitwa taka kinavyogeuka kuwa udongo.

Mwalimu hutoa mfano, mzazi hutoa ruhusa, lakini mkono utakaochimba ni wa mtoto mwenyewe. Nao udongo hauji juu mezani kumtafuta mwanafunzi. Uko chini, umekaa kimya, wamfunulia habari zake yule aliye tayari kupiga magoti. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.